Maksai Wawili Mbele ya Mbunge

Mama mkwe wangu hakuwahi kumwogopa mbunge. Kwa hesabu za ukoo yule bwana alikuwa mjukuu wake, ingawa walipishana miaka michache tu, na kwetu bibi na mjukuu ni watani. Alikuwaga anamwita "mume wangu" mbele za watu, na mheshimiwa hana la kufanya ila kucheka.

Mwaka ule duka la kijiji pale Guta lilikuwa na chumvi na viberiti, basi. Sabuni hakuna, nguo tulifulia majani ya mpapai. Vita vilikuwa mpakani, na mume wangu, kitinda mimba wa yule mama, alikuwa huko huko. Mbunge alikuwa amesimama bungeni kusema jeshi lipewe fungu lake lote, mengine yasubiri. Sasa alikuwa anakuja kutueleza kwa nini, na kila kitongoji kilitakiwa kitoe ng'ombe mmoja, kitoweo cha askari.

Kamati ya kitongoji chetu ikachagua maksai wetu, eti amenona. Nyumbani tulibaki wanawake wawili: mimi, mtoto wa mjini, wa Mwisenge, niliyeolewa sijui hata kushika plau, na mama mkwe, aliyenifundisha kulima huku akinisema asubuhi hadi jioni. Maksai walikuwa wawili tu. Mmoja akienda, mwenzake halimi peke yake, na pamba ndiyo hatupandi. Nilikosa raha kabisa.

Mama mkwe hakubishana na kamati. Siku ya mkutano aliwafunga nira wote wawili, akafungia plau nyuma, akanikabidhi kamba. Tukaingia uwanjani hivyo hivyo, mbunge yuko katikati ya hotuba.

"Mpaka ukiwa wazi," alikuwa anasema, "hata hiyo sabuni mtaletewa ya nini?" Akatuona, akanyamaza.

"Endelea, mume wangu, unasema vizuri," mama mkwe akamwambia. "Mimi jeshi nimeshalipa mtoto. Wakaniomba na maksai. Hawa hawajazoea kutembea mmoja mmoja, kwa hiyo nimekuletea wote na plau lao. Ila pamba utanilimia wewe."

Watu wakaanza kucheka chini chini. Mwenyekiti wa kijiji akataka kumkalisha, mbunge akamzuia.

"Bibi, kwani unatakaje?"

"Nauliza tu. Bungeni umeunga mkono. Na zizini kwako umeunga, au ndiyo mkuki kwa nguruwe?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Angekuwa mtu mwingine angelala mahabusu, lakini mtani hakasirikiwi, na mbunge, mwenye zizi kubwa njia ya Butiama, alijua ameshikwa pabaya. Akajikuna kisogo, naye akacheka.

"Ng'ombe wa kitongoji hiki nitatoa mimi," akasema. "Dume langu."

"Mheshimiwa, siyo ndama?"

"Dume, bibi. Rudisha maksai wako, ukalime."

Makofi yalipigwa mpaka maksai wakashtuka, nusura waniburute na kamba yangu.

Dume lilifika kesho yake likiswagwa na wachungaji wa mbunge, jeusi, nene, halina hata kovu. Mama mkwe akatoka kulitazama. Akalizunguka, akalipapasa mgongo polepole.

"Nenda ukamshibishe mwanangu," akaliambia.

Kisha akanigeukia, akanikaripia kwa nini nimesimama nalia wakati shamba linatungoja. Nilikuwa nalia kwa furaha, na yeye pia alikuwa anajifuta macho kwa pindo la kanga.