Vijidudu Hai vya Otilia

Kwa kuchagua, Otilia Sanhueza hakuwa na mpinzani kilimani kote. Hata kitunguu alikigeuza mara tatu, na wachuuzi wa soko la Talcahuano walianza kuguna wakimwona tu anakuja. Daktari alisema mumewe, Eleuterio, asipofika kilo hamsini Jumatatu ya wiki ya pili hapasuliwi uvimbe aliokuwa nao, na kwamba antibiotiki ndizo zilizomvuruga tumbo, akawa anaharisha na kukonda. Otilia akavaa miwani, akaenda kumchagulia vijidudu vya kutengeneza tumbo.

"Kisanduku hiki kina aina kumi," alisema Maritza, muuza dawa.

"Kumi za nini? Majina hayapo. Nimlishe mume wangu wageni nisiowajua?"

Maritza alicheka mpaka akaegemea kaunta. Otilia alitaka chenye majina kamili, chenye idadi ya vitakavyokuwa hai hadi siku ya kuisha muda, tena kilichotunzwa kwenye friji. Akakipata. Alikipeleka nyumbani ndani ya mfuko wa barafu, amekikumbatia njia nzima.

Kila asubuhi alifungua kidonge kimoja, akamwaga unga wake katika chai ya majani ya boldo inayofuka mvuke. Dawa gani katika nyumba ile haikunywewa hivyo? Mama yake alifanya hivyo, na bibi yake pia. Eleuterio alimaliza kikombe chote, lakini chooni alikwenda vilevile.

Siku ya tisa Otilia alirudi dukani amefura.

"Vijidudu vyako vilikuwa mizoga, binti!"

"Unampaje, mama?"

"Kwenye boldo, nimpeje tena?"

"Ya moto?"

"Kwani boldo hunywewa baridi?"

Safari hii Maritza hakucheka. "Mama, vile ni viumbe hai. Moto unaviua."

Otilia alijichukia. Miwani yote ile, maswali yote yale, kumbe alikuwa akivichemsha kwa mkono wake mwenyewe. Zilikuwa zimebaki siku mbili.

Jumatatu mizani ilisema arobaini na sita. Daktari alifunga faili, akamwambia Otilia ampikie mzee chochote anachopenda. Otilia alielewa: hapasuliwi tena. Alitaka kumwambia mumewe ukweli wote palepale kwenye korido, akaishia kumvalisha koti.

"Ile dawa nzuri, kizee wangu," Eleuterio alisema. "Tununue boksi jingine."

"Tutanunua."

"Ila uchague wewe. Mimi nitadanganywa."

"Nitachagua," Otilia alisema, akamfunga vifungo vya koti.