Medina Alikufa Mara Kumi na Moja

Medina wa mutaa ya Oli mwenyewe anasema Mungu alimunyima shule, akamulipa na mudomo. Ako na miaka sabini na kitu, na hiyo mudomo haijapumuzika hata siku ya Idi. Kwa ile laini yao ya nyumba amegombana na kila mutu: huyu sababu ya moshi, ule sababu ya kuku, shehe sababu ya kipaza sauti. Sasa kitu moja ilikuwa inamukula roho: siku akikufa, mwanamuke gani atakuja kumuosha? Mutoto hana. Dada yake Zuhurah iko Koboko, lakini hawasemezani miaka saba, sababu Zuhurah alisema mbele ya wageni kwamba pilau ya Medina iko na chumvi kama mutu alilia ndani ya sufuria. Medina hasamehe. Kusamehe ni kazi ya watu hawana kumbukumbu.

Jirani yake iko Ronnie na bibi yake Lillian, vijana wa kutengeneza sinema kwa simu.

"Haboba," Ronnie alimuambia, sababu Wanubi wanaita nyanya hivyo na vijana wote wamezoea, "tuko na sinema ya kuchekesha. Bwana na bibi wanasumbuliwa na jirani mupaka wanamuua."

"Na mimi ni ule bibi?"

Lillian alikohoa. "Wewe ni jirani."

"Mimi nasumbua nani? Chukua Driwaru wa huko nyuma."

"Driwaru hawezi, haboba. Hii inataka mutu anajua kazi."

Alikubali. Tangu Idi hakuna mutu alimuita mahali. Akauliza maneno yake iko wapi.

"Hatukuandika," Lillian alisema. "Sema tu ile unasemaga asubuhi."

Akasimama kwa fensi ya matete, akatukana mara moja tu, Ronnie akasema imetosha, haiwezi kuwa nzuri kupita hapo. Medina alishituka kidogo. Si sana, mutu akisifiwa haulizi mingi.

Kufa ndiyo ilimushinda. Walimufunga na kitambaa nyeupe kama sanda, wakamulaza kwa mukeka, na maiti ikafungua mudomo: "Lillian, sanda hawafungi hivi! Unafunga chapati na mayai?" Wakarudia. Maiti ikauliza nani anachunga kuku. Alikufa mara kumi na moja. Ile ya mwisho alishikwa na usingizi kabisa, na hiyo ndiyo ilitoka vizuri.

Ronnie akamutumia rafiki yake kipande kidogo cha hiyo kwa WhatsApp. Kesho yake asubuhi ilikuwa imefika Koboko, na hakuna mutu aliongeza kwamba ni sinema. Waislamu nao hawangojeshi maiti: mutu akikufa, jua halizami kabla hajazikwa. Nani iko na saa ya kupiga simu na kuuliza? Zuhurah alibeba sabuni, pamba na ubani, akakusanya wanawake wane wa kuosha, wakapanda gari, mbio.

Medina alikuwa kwa mulango anachambua maharagwe wakati kilio kiliingia. Mbele iko Zuhurah, machozi mupaka kwa kidevu.

"Nani amekufa?" Medina aliuliza.

Wale wanawake wane walikimbia, moja akaacha kandambili. Zuhurah peke yake alibaki.

"Wewe ndiyo umekufa, mushenzi! Nimekulilia kutoka Koboko mupaka hapa!"

"Nani alikutuma?"

Zuhurah akaangalia sabuni kwa mukono yake. Akafuta macho. "Ingia ndani. Vua nguo."

"Ati nini?"

"Nimetoka kwangu kuja kuosha mutu. Sirudi na sabuni kavu."

Medina aliweka maharagwe chini. Akaingia, akakaa kwa kistuli kama mutoto. Zuhurah alimwaga maji ya moto kwa mugongo, akasugua kama sufuria iliungua, na jirani zote wakasogea kwa fensi wasikie vizuri.

"Bado sijakusamehe," Medina alisema, povu kwa macho.

"Nani amekuuliza? Inua mukono."

Akainua.