Rejista Zilizoivisha Maharagi

Habari ilinikuta sokoni, fungu la majani ya sombe mkononi: Mama Direkta amefariki. Ninyi mnaosoma safu hii mnajua mimi si mtu wa machozi, lakini siku ile nililia mbele ya wauza nyanya, na sioni haya kusema. Aliongoza shule ya msingi ya serikali pale Rwambuzi kwa miaka mingi. Mimi mwenyewe nilisoma kwake, kisha nikampelekea wanangu wawili. Hata hivyo, kuna jambo moja lililowahi kunifanya nimkasirikie sana.

Wakati wa vita vya makabila, madarasa yalijaa wakimbizi kutoka upande wa Kpandroma. Ofisini kwake kulikuwa na rejista zote tangu shule ifunguliwe: jina la mtoto, jina la baba, na mahali ukoo wao ulikotoka. Siku zile, mstari huo wa mwisho ulitosha kukuua. Aliposikia wenye bunduki wanapita shule kwa shule wakizitafuta, alizibeba jikoni, akazichana, akawapikia wakimbizi maharagi. Mchana jamaa hao wakafika.

"Rejista iko wapi?"

"Iko chini ya sufuria. Mukitaka majivu, mubebe."

Walimpiga mkono wa kulia kwa kitako cha bunduki. Tangu hapo akawa anaandika ubaoni kwa kushoto. Maharagi, alituambia baadaye huku akicheka, yaliiva vizuri.

Kulipotulia nilimwendea na daftari, nikitaka kuandika historia ya shule yetu. Aliponieleza kuwa rejista zote amezichoma, nikapandwa na hasira. "Mama, si ungezifukia shambani? Umefuta historia yetu yote!" Lo! Mtu mzima mimi, namfokea mwalimu wangu. Yeye akaniuliza:

"Watoto yako wawili walikuwa mule ndani ya rejista. Leo wako wapi?"

"Wako nyumbani, Mama."

"Basi, andika hivyo."

Nimewagombeza sana humu watu wa ofisi wanaopoteza karatasi, na sitaacha, maana nchi isiyotunza maandishi yake hudanganywa kirahisi. Ila mama yule alijua siku ya kutunza na siku ya kuchoma, wala hakungoja ruhusa ya mtu. Juzi jeneza lake lilibebwa na wanafunzi wa pande zote mbili zilizopigana, wanangu wakiwamo. Nawe msomaji mwenye ufunguo wa ofisi yoyote, shika hili: mwenye bunduki akiomba orodha ya watoto, hapewi.