Skrubu mbili za kiti cha mjukuu wangu

Mmekuwa wapi ninyi? Jirani yangu ndiye ananisomea ukurasa huu na kuniandikia haya, maana mimi shule sikuiona hata mlango wake. Anasema kisa cha mwisho cha mtoto mchanga kilipita hapa mkakaa kimya kama mmehama. Kikija cha mume wa mtu, mnajaa kama inzi kwenye pombe ya ndizi. Leo kaeni. Nataka macho yenu, vicheko vyenu wekeni pembeni. Na wewe mwenye ukurasa, jina langu lifiche, mengine yaache kama nilivyoyasema.

Nina miaka sitini na mitatu, kama marehemu mama hakukosea kuhesabu. Nalima Butihinda, huku Muyinga, tangu tuliporudi kutoka kambini Tanzania. Mwanangu wa mwisho anakaa Gitega na mkewe. Wana mtoto mmoja, wa kiume, mnene, mwenye hasira zangu. Alipokaribia miezi sita, umri wa kuanza kula, nikamwagiza seremala wa hapa amtengenezee kiti cha kulia uji. Kifupi, miguu imetanuka, mti mzito. Kilipigwa msasa mpaka nikakipitisha shavuni mwangu kuhakikisha hakina miiba. Nikakipakia kwenye gari mpaka Gitega.

Nafika, nakuta mkamwana ameshanunua kingine kwa mama mmoja Mkongomani anayeuza mitumba sokoni. Cha plastiki, kirefu, kinanifika kifuani, miguu ya chuma myembamba, kimeza mbele, mkanda umekatika. Nikauliza, "Hiki ni kiti au mnara? Mtoto anakula uji au anatafuta mtandao?"

Akacheka kwa adabu. "Mabukwe," ndivyo huku tunavyomwita mama mkwe, "cha kwako ni kizuri, lakini hakina kimeza, na mtoto anakuwa chini kwenye vumbi. Hiki kinaoshwa."

"Baba yake alilishwa amekalia sufuria iliyogeuzwa, na meno yote anayo!"

Kesho yake nikakuta kiti changu kiko nje barazani, kimebeba beseni la nepi. Iliniuma, siwadanganyi. Siku tatu sikucheka na mtu.

Siku hiyo ya tatu, asubuhi, mkamwana anaanika nguo, mimi niko ndani na kijiko cha uji cha mtoto. Mpini wake ni bapa. Nikainama chini ya kile kiti kirefu, nikaingiza mpini, nikazungusha. Skrubu mbili, mguu wa nyuma wa kulia. Zilitoka laini kama zilikuwa zinanisubiri. Nilitaka kiyumbe tu mtoto akiwekwa, mimi nimesimama pale pale, mikono tayari, mama yake apige kelele, aingize kiti changu ndani. Basi. Nikakijaribu kwa mkono. Kikiwa kitupu hakitikisiki, ungeapa ni kizima. Ubaya wake ndio huo. Nikafunga skrubu kwenye pindo la kitenge, nikaenda kuoga.

Natoka bafuni, kiti hakipo. Mkamwana hayupo. Mtoto hayupo.

Karibu na saa sita wakarudi, mtoto mgongoni, mkamwana anatabasamu. Akaenda moja kwa moja barazani, akatoa beseni, akaingiza kiti changu, akakifuta kwa gauni lake. "Mama," akasema. Hajawahi kuniita hivyo. "Mama, siku tatu hucheki. Kile nimekirudisha kwa yule mama sokoni. Huyu atakula kwenye kiti cha bibi yake." Mtoto akakalishwa, akala uji wa ulezi, akanipaka pua nzima. Na mimi nikacheka. Mungu ananiona, nilicheka, na skrubu zinanigonga kiunoni.

Sikungoja vyombo vioshwe. Nilishika njia ya sokoni mbio.

"Ile kiti? Yoo, maman, ilishaenda," yule Mkongomani akaniambia. "Iko mama moja, mtoto wake kwa mgongo, alikuwa anakimbilia gari ya kwenda Buraza. Aliipenda sana."

"Unamjua?"

"Mi namujulia wapi? Kwani iko na shida? Ile iko solide, maman, niliitikisa mi mwenyewe."

Nikasema haina shida. Kwa mdomo huu huu. Niliogopa atampigia mkamwana.

Kesho yake nikaaga, nikawadanganya narudi shambani, nikashuka Buraza. Nilibisha mlango mmoja baada ya mwingine mpaka watu wakaanza kuita watoto wao ndani. Sikukiona. Sasa niko Butihinda, wiki ya pili hii. Mkamwana ananipigia simu kila siku: "Mama, leo amemaliza bakuli!" Kila akisema Mama, nasikia mguu wa chuma unateleza kwenye sementi ya nyumba nisiyoijua.

Mwanangu ana marafiki Buraza, wangeweza kutangaza kanisani. Lakini ataniuliza kwa nini, na mkewe atasikia. Akisikia, atanikabidhi tena mtoto wake? Mimi mwenyewe nisingejikabidhi. Na nikinyamaza, kuna mtoto wa mtu anakua kila siku, anapata nguvu za kujinyoosha. Semeni nanyi, nianzie kwa nani, na nitumie maneno gani?

Na wewe usiye na ushauri, usipite tu. Kiti ni cha kijani, kimeza cheupe, kina alama ya kuungua ubavuni. Kama kiko kwako, au kwa dada yako, au kwa jirani, mtoe mtoto kwanza. Mtoe! Halafu kigeuze, tazama mguu wa nyuma wa kulia. Ukiona matundu mawili matupu, ni mimi. Na siku utakayorudi humu, usinisalimie. Anza na neno moja: umekigeuza, au bado.