Mama wa Muthara Anayepima Filamu kwa Karai

Saa saba kasorobo mchana, watu wa mwisho wanatoka kwenye ukumbi wa video wa Muthara, Tigania Mashariki, wakipepesa macho kwa jua. Cicily Karimi hawaulizi kama wameipenda filamu. Anangoja wapite, anajifunga leso kiunoni, anachukua fagio na karai lake la bati, kisha anaingia ndani.

Anaanzia benchi la nyuma. Anafagia vijiti vya miraa, majani ya mgomba yaliyofungiwa miraa hiyo, maganda ya njugu na karatasi za peremende. Anazoa, anamimina kwenye karai, anashindilia kwa kiganja. Anainama kuchungulia chini ya benchi la mwisho, hapati kitu, anatabasamu.

"Nusu karai," anasema. "Hii sasa ni sinema. Watu wamesahau mdomo."

Nje ya mlango, ubao mweusi umetundikwa kwa msumari. Cicily anaandika kwa chaki jina la filamu hiyo, kichekesho kiitwacho *Mkwe wa Githongo*, na mbele yake: KARAI NUSU, kisha pembeni: NIMEIONA. Anaupiga picha kwa simu, anaituma kwenye kundi la simu la wenye kumbi za miji jirani. Kabla hajaweka chaki chini, Githongo wamejibu, Maua wamejibu, na Chuka wanauliza wataipata lini.

Hivyo ndivyo filamu zinavyohukumiwa katika sehemu hii ya Meru, na hukumu hiyo hufika hadi Embu. Wengine hutoa nyota. Cicily, mwenye umri wa miaka hamsini na minne, ambaye Muthara wote humwita Mama Gatwiri, hutoa karai.

Hesabu yake ni rahisi. Mtu anayechoshwa na filamu hukumbuka miraa yake. Hutafuna, humenya njugu, humpigia jirani porojo, na vyote hivyo huishia sakafuni. Filamu ikimshika, mkono hubaki hewani na kijiti hakifiki kinywani. *Moto Juu ya Daraja*, filamu ya kigeni yenye milipuko kila dakika mbili, ilipata karai tatu mwaka jana na ikafa siku ya pili. *Mkwe wa Githongo* imeuza tiketi mia tatu na tisini na mbili kwa siku tano, na ukumbi wenyewe hauna nafasi ya zaidi ya watu themanini, wakibanana.

"Mtu anaweza kukudanganya kwa mdomo," Cicily anasema. "Anakwambia, 'Mama Gatwiri, hiyo ilikuwa poa sana,' kwa sababu anakuheshimu. Lakini sakafu haina heshima."

Kiingilio ni shilingi thelathini. Siku nzuri humletea elfu mbili na ushei, na siku ya mvua humletea usingizi. Alianza kazi hii miaka kumi na mmoja iliyopita, mumewe alipofariki na kumwachia projekta, mabenchi kumi na sita na watoto watatu. Gatwiri, kifungua mimba wake, sasa ni mwalimu.

Lakini wiki hizi furaha ya Cicily ina doa. Kuna filamu moja aliyoiua kwa chaki yake mwenyewe, na siku anapozungumza na gazeti hili, bado hajui kama itafufuka.

Filamu hiyo ni *Ndoo ya Tatu*. Iliandikwa na kurekodiwa na Antony Ireri, kijana wa miaka ishirini na saba kutoka upande wa Siakago, kwenye nyanda kavu za Embu. Inamhusu mama anayechimba mchanga wa mto uliokauka ili apate maji. Kila alfajiri anajaza ndoo tatu. Ya kwanza ni ya mbuzi, ya pili ni ya watoto, na ya tatu anaondoka nayo gizani. Watoto hawajui anaipeleka wapi, na mtazamaji hajui pia, mpaka dakika tano za mwisho. Kisa chenyewe ni cha mamake Antony, Nelius, na anayeigiza nafasi yake ni shangazi yake kijana huyo, ambaye hakuwa amewahi kusimama mbele ya kamera.

Antony alikuwa ameahidiwa kumbi tisa, kutoka Maua hadi Embu mjini. Wenye kumbi hizo walikuwa wakingoja kitu kimoja tu, ubao wa Muthara.

Siku ya kwanza, Jumatano, Cicily hakuwepo. Alikuwa amepeleka ndizi zake sokoni Gakoromone, mjini Meru, na mlango alimwachia jirani yake Lorna, fundi wa nguo. Lorna aliuza tiketi sabini na moja. Cicily aliporudi saa kumi na moja jioni alikuta ukumbi umeshafungwa. Lorna alimpa ufunguo na mfuko wa hela, akakimbilia cherehani yake, kwa kuwa kulikuwa na bibi harusi aliyetaka gauni kesho yake asubuhi.

Cicily akafagia. Karai la kwanza likajaa. La pili likajaa. La tatu likajaa mpaka likamwagika, na bado kona ya kushoto ilikuwa nyeupe kwa maganda ya njugu.

"Nilishtuka. Nilisema huyu mtoto wa watu amefanya nini? Tangu nianze kazi sijawahi kuona taka kama hiyo."

Aliandika: NDOO YA TATU, KARAI TATU NA NUSU. Halafu, kwa kuwa siku hiyo ndizi hazikuwa zimeuzika vizuri na miguu ilikuwa inamuuma, akaongeza mstari ambao mpaka leo unamchoma roho: MWENYE HELA YAKE AFIKIRIE.

Alhamisi waliingia watu kumi na tisa. Ijumaa wakaingia sita, na wawili kati yao walikuwa wamekimbia mvua. Kufikia Jumapili, kumbi zote tisa zilikuwa zimejitoa. Antony alipiga simu mara moja tu, akasema asante kwa kumwonyeshea, akakata.

Wiki tatu baadaye alifika Riungu, mpakiaji wa miraa ambaye huja ukumbini siku za Jumatano akikosa mzigo wa kupakia. Alikuwa amemleta mkewe, na wote wawili walikuwa wamevaa nguo za kanisani.

"Mama Gatwiri, ile sinema ya mama wa ndoo unaweka saa ngapi? Nimeleta bibi yangu aone."

"Ile? Ile niliitoa zamani. Ilikuwa takataka, Riungu. Karai tatu na nusu!"

Riungu alimtazama kama anayetazama mgonjwa. "Takataka ni yetu, mama. Si stima ilipotea? Ilipotea hapo katikati, huyo mama akiwa ndio amebeba ndoo anaenda. Tulikaa kwa giza karibu masaa mawili. Sasa kwa giza utafanya nini? Unatafuna. Njugu ya yule mama wa pale nje tulimaliza yote."

"Na hamkuenda nyumbani?"

"Twende aje? Na hatujajua ndoo ni ya nani?"

Watu sabini na mmoja walikuwa wameketi gizani kwa karibu saa mbili wakiingoja filamu ya yule kijana iendelee, na hakuna hata mmoja aliyedai kurudishiwa shilingi thelathini zake. Katika miaka kumi na mmoja hakuna filamu iliyowahi kufanyiwa hivyo pale Muthara. Naye alikuwa ameyafagia mapenzi yote hayo na kuyaandika kama kasoro.

Alipomwendea Lorna, fundi huyo alishika kichwa. "Nilidhani unajua! Stima ilipotea Muthara yote, mpaka cherehani yangu ya umeme ikalala. Niliona ubao, lakini mimi ni nani nikufundishe mambo ya sinema?"

Hapo ndipo Cicily alipokiri jambo ambalo watu wengi hawakulijua. Karibu filamu zote alizozihukumu hajawahi kuziona. Kiti chake kilikuwa mlangoni, uso barabarani, mgongo kwa skrini, maana akigeuka kidogo tu kuna wajanja wanaopenya bila tiketi. Alikuwa akisikia milio na vicheko, basi. Hukumu yake nzima ilitoka sakafuni.

Mchana huohuo aliitafuta flashi ya Antony, akaiweka kwenye mashine, akawaketisha Riungu na mkewe mbele, kisha akafanya ambacho hajafanya tangu mumewe afariki. Aliuacha mlango, akaketi kwenye benchi akatazama filamu mwanzo hadi mwisho.

Ndoo ya tatu, kwa wale ambao hawatapata nafasi ya kufika ukumbini, ni ya jirani. Ni mwanamke waliyegombana naye kwa miaka minne kwa ajili ya mbuzi, wasiosalimiana hata kanisani, na ambaye sasa anaumwa na hawezi kwenda mtoni. Mama yule humwachia maji mlangoni kabla hakujapambazuka, na kuondoka bila kubisha hodi.

"Nililia mimi," Cicily anasema, na hata sasa anayapangusa macho kwa ncha ya leso. "Nililia mpaka nikasahau mlango hauna mtu. Nilipogeuka, watu kumi na wanne wameingia bure, nao wanalia. Nitamdai nani?"

Kesho yake aliufuta ubao wote. Aliandika: NDOO YA TATU. NILIKOSEA. SIKUWA NIMEIONA. CICILY. Kwa mwanamke ambaye maneno yake huamua watu wa Muthara watatumiaje jioni yao, haikuwa kazi ndogo kusimama pale na chaki wakati wauza miraa wa upande wa pili wa barabara wanasoma kwa sauti, neno baada ya neno, na kumuuliza kama sasa anatoa ushuhuda wa kanisani. Alicheka nao. Anasema alistahili.

Kisha akampigia Antony simu.

"Mama, mimi nilikubali tu," kijana alimwambia. "Nilisema kama Muthara wamekataa, basi sijui kazi."

"Muthara hawakukataa, mwanangu. Mimi ndio nilikataa, na sikuwa nimeona. Nisamehe."

Antony akamwambia kwamba kamera ameshaitangaza kuuzwa, na kwamba kuna mpiga picha wa harusi anayekuja kuichukua mwisho wa mwezi. Mamake, Nelius, hajaiona filamu hata mara moja. Ilipoanguka, kijana aliona haya akamdanganya kwamba imeharibika kwenye kompyuta.

"Hiyo ya mamake ndiyo ilinimaliza," Cicily anasema.

Alimwomba Antony amzuie mnunuzi hadi baada ya wiki mbili, akaanza kupiga simu ukumbi mmoja baada ya mwingine. Nane zilikubali kuirudisha filamu, nyingine kwa kunung'unika. Githongo waliuza tiketi mia moja na kumi siku ya kwanza. Maua walilazimika kuionyesha mara mbili mchana mmoja.

Aliyebaki ni Mbogo, mwenye ukumbi wa Embu mjini, wenye viti mia mbili. Ndio ukumbi ambao Antony aliutaka kuliko yote, kwa sababu ni wa nyumbani, na anaamini kwamba filamu ikikubaliwa pale ataweza kutengeneza nyingine. Mbogo si mtu mbaya. Ni mtu wa biashara aliyeamini ubao wa Muthara kwa miaka sita.

"Mama Cicily," alimwambia kwenye simu, "mwezi jana unasema karai tatu na nusu, leo unasema ni tamu. Mimi nishike gani?"

Cicily alimwambia kwamba atakuja Embu mwenyewe kuitazama. Baada ya kuvutana siku tatu, Mbogo ametoa nafasi moja, Alhamisi hii saa nane mchana. Viti vikijaa, filamu itakaa wiki nzima. Visipojaa, itaondoka jioni hiyohiyo. Antony naye ameamua kwamba hiyo ndiyo itakayosema kama kamera inauzwa au inabaki.

Huko Muthara mambo yamebadilika kidogo. Cicily bado anafagia, na bado anapima, kwa sababu wateja wamemkataza kuacha. Lakini ubao sasa una safu ya pili. Mbele ya kila filamu huandika NIMEIONA au SIJAIONA, na Lorna amehamishia cherehani yake mlangoni ili awe anakata tiketi huku anashona.

Kwa siku kumi zilizopita Cicily amekuwa akimpigia simu kila mtu wa Meru anayeishi Embu ambaye namba yake anaijua: walimu, mafundi, wauza viazi, na binamu ambaye hawakuwa wamezungumza tangu mazishi ya shangazi yao. Anawaambia waje na majirani. Hajui watafika wangapi. Wengine wamesema sawa kwa ile sauti ya mtu anayetaka kukata simu.

Hata hivyo ameshanunua blauzi mpya, ya bluu. Atalipa kiingilio kama mtu mwingine yeyote, na amemkataza Mbogo asimsamehe hata shilingi. Ombi lake lilikuwa moja, na alilipeleka kwa Antony: amlete mamake, amwambie ukweli njiani, na amtengee Cicily kiti kando yake.

"Viti vijae, visijae, huyo mama ataona kazi ya mtoto wake," anasema. "Nataka nikae karibu na yeye. Sijui nitamwambia nini, mimi niliyemfichia sinema yake. Nikikosa maneno, nitamshika tu mkono mpaka iishe."