Koki ya Ghorofa ya Pili

Asubuhi ile mke wangu alikunywa chai akiwa amesimama dirishani, uzi mweupe umening'inia shingoni. Chini, mwenye nyumba wetu alikuwa anafagia ngazi. Akamwita:

"Mama, umeamkaje?"

"Salama. Mgongo wako je?"

"Ukiuliza wewe unapona."

Wakacheka. Nikaenda kufunga dirisha.

"Mzee, mbona unatunyima hewa?" Akalifungua tena, akachukua mkoba wake, akashuka kazini.

Saa sita walikuja kuniita. Alikuwa amelaza kichwa juu ya cherehani, kama mtu aliyesinzia.

Mazikoni mwenye nyumba alilia kuliko mimi. Hilo sijamsamehe.

Mke wangu alikuwa fundi wa kupunguza na kutengeneza nguo. Suruali ndefu, gauni lililochanika, zipu iliyogoma. Kibanda chake kilikuwa ndani ya jengo la maduka, chini ya ngazi, ubavuni mwa muuza viatu. Miaka kumi na tisa. Wateja walimpenda kwa sababu hakumwambia mtu amenenepa. Alisema tu, "Kitambaa kimerudi hiki, siku hizi hawashoni kwa uaminifu."

Kabla ya hapo tulikaa mbali, juu mlimani. Magoti yakamuasi. Daktari akamwambia achague, mlima au kazi.

"Nikiacha kazi nitakugombeza wewe kutwa nzima," akaniambia. "Tutafute nyumba karibu na maduka."

Tukazunguka na dalali miezi miwili. Chumba kimoja hakikuwa na dirisha. Kingine jiko liko chooni, dalali anasifu eti kila kitu kiko karibu. Mwisho akapata vyumba viwili, ghorofa ya pili, ng'ambo tu ya maduka. Nikatangulia mimi kukagua, maana kazi yangu ni mabomba, na nyumba mbovu huanzia kwenye maji.

Mlango akafungua mwenye nyumba mwenyewe. Nikamjua. Posa yake ilifika kwa wakwe zangu wiki mbili kabla ya yangu. Sasa mgane, shati limenyooka, meno yote yapo.

"Yeye hajambo?" akauliza. Hakusema nani.

"Hajambo."

"Kodi nitawapunguzia. Kwa ajili yake."

Kwa ajili yake! Roho iliniuma kama jino. Alipotoka kufuata funguo za stoo, niliinama chini ya sinki, nikatoa spana, nikafunga koki ya maji mpaka chuma kikalia.

Nyumbani nikasema, "Nyumba nzuri, ila haina maji."

"Hata tone?"

"Hata la kunawa uso."

Kesho yake akamwambia muuza viatu achukue kibanda. Akaanza kugawa sindano zake, moja moja, kwa wanawake wa jirani. Niliona, nikauchuna. Wivu hauna mzee.

Siku ya tatu akavaa viatu. "Twende nikaione hiyo nyumba kavu, nafsi yangu itulie."

Tukaenda, dalali akatufungulia. Mke wangu akafungua bomba la jikoni. Kavu. Akaweka sikio ukutani. Miaka arobaini na fundi bomba, maji yakipita kwa jirani alikuwa anayasikia. Akashika magoti, akainama polepole chini ya sinki. Koki ilikuwa na alama mpya za spana, zinang'aa. Akajaribu kwa mkono, ikakataa.

Dalali akasema, "Lakini mama, si fundi wako alisema..."

"Fundi wangu nilimsikia. Wewe kasubiri nje."

Akafungua mfuko wangu wa kazi, akatoa spana, akaniwekea mkononi. Sauti hakuipandisha. Maneno yake ni haya, sijaongeza wala kupunguza:

"Yule alinitaka wakati wewe huna hata spana, nikaja kwako. Leo unayo spana, unanifungia maji?"