Waya Nilioukata Jeppestown

Mdogo wangu, kuna siku moja naikumbuka kila nikikusikia ukisema hizi kompyuta zitatumaliza sisi mafundi. Kaa, nikwambie.

Nilikuwa nashona Jeppestown, Johannesburg, kwa tajiri mmoja, pamoja na Mama Furaha. Huyo mama ndiye alinipokea nilipotoka Bukavu, sijui hata kushika mkasi. Nikiwepo, hakuna mtu wa kumgusa. Kazi yake ilikuwa kutarizi kwa mkono majoho ya kwaya. Basi tajiri akaleta mashine ya kutarizi, ya kompyuta. Damu ikanichemka. Sikuuliza mtu. Nikachukua mkasi nikakata waya wake, bahati ilikuwa imezimwa, halafu nikatamba, "Haya, itarizi sasa tuone."

Mama Furaha aliinama akaokota ule waya. Kumbe macho yalikuwa yamemchoka, hata tundu la sindano halioni vizuri, na yeye mwenyewe ndiye alimwomba tajiri ile mashine. Pasaka imebaki wiki moja, majoho ya kwaya nzima yanamngoja.

Mlangoni kulikuwa na mlinzi, Papa Zakaria, mzee wa Lubumbashi. Alipenda kusoma vitabu vya katuni vya Wajapani, vya zamani, vilivyotafsiriwa Kifaransa. Nilikuwa namcheka: mzee mzima na picha za watoto. Siku hiyo akaniita.

"Hawa Wajapani walichomwa na bomu, miji miwili," akasema. "Nani alikuwa na sababu ya kuchukia mashine kuliko wao? Lakini wachoraji wao wakawachorea watoto roboti wa kila namna. Huyu anaokoa mtaa, yule anaubomoa. Watoto wakakua wanauliza, nani anamwongoza? Wakaacha kuogopa chuma, wakaanza kumwangalia mtu. Wewe hata hukuuliza. Umemkata mama yako mkono."

Eish. Nilizunguka mtaa wa jirani, Doornfontein, mpaka nikapata fundi wa kuunga ule waya, halafu nikakaa na Mama Furaha, yeye anachagua rangi, mimi nabonyeza. Majoho mawili hayakuisha. Waimbaji wawili waliimba Pasaka na nguo za kawaida, wakanikazia macho ibada nzima.

Kwa hiyo, mdogo wangu, mashine ikija, usiipige kabla hujajua nani ataishika na anaihitajia nini. Na mtu unayempenda, kabla ya kumpigania, muulize yeye anataka nini. Mimi sikumuuliza. Mungu akupe kichwa kilichotulia kuliko changu, na akuwekee karibu mzee wa kukukemea mkasi ukiwa bado mezani.